Namba Ishirini na Tano ya Meneja

Leo nimeumbuka. Ndugu zangu mlioko Nzega na Igunga, tuliosoma pamoja kozi ya ukarani, nawaandikia kabla hamjasikia kwa madereva wa malori.

Ofisi yetu hapa Tabora imeletewa swichibodi mpya yenye namba arobaini za simu, kuanzia 10 hadi 49. Kazi ya kuzigawa nikapewa mimi (niko kwenye miezi ya majaribio, nikajiona mteule). Ghala walihitaji ishirini, uhasibu nane, usafirishaji nane, Meneja nne. Hesabu inatimia kabisa.

Mwenye akili angeanza na ghala. Mimi nikaanza na heshima. Nikampa Meneja 25 hadi 28, akae katikati kama kiongozi. Uhasibu na usafirishaji wakafuatia hapo hapo, mpaka 44. Kugeukia ghala, nimebakiwa na kumi na tano huku mwanzoni na tano kule mwishoni. Mzee Shija, msimamizi wa ghala, akakataa katakata: namba zake zifuatane. Nikamwandikia 10 hadi 29, nikijiambia Meneja, pamoja na ile 29 ya uhasibu, nitawahamisha kesho.

Nikasahau.

Jiko letu liko chini ya usimamizi wa ghala, na Mzee Shija akaligawia namba 25. Fundi akaunga nyaya kama karatasi ilivyosema. Nimemuuliza kwa nini hakushtuka kuona namba moja sehemu mbili. Alidhani ndiyo Ujamaa wenyewe.

Leo saa sita ukawa uzinduzi. Mgeni rasmi ni mkubwa wetu kutoka Dar es Salaam. Wafanyakazi wote ukumbini, Meneja kando ya mgeni, mimi mstari wa mbele (shati la kuazima). Mgeni akapiga 25, katibu muhtasi apokee kule ofisini. Akapokea vizuri tu: "Ofisi ya Meneja." Kumbe jikoni nako mpishi wetu, Mama Zuhura, kapokea. Kusikia Meneja, akajua anaongea na bosi. Mama huyu ana sauti ya kuitia ng'ombe. Sisi wa mbele tulisikia kila neno.

"Bwana Meneja, wale kuku wa mgeni dereva ameshawafikisha nyumbani kwako, wote watatu. Sasa mgeni mwenyewe nimpikie nini?"

Mgeni akajibu taratibu, "Mama, mgeni ndiye mimi. Una nini hapo?"

"Mlenda, baba."

"Unatosha."

Meneja akainuka kuisoma karatasi yangu ya namba iliyobandikwa ukutani. Baadaye mgeni akaniita, nikamwamkia shikamoo mara mbili kwa hofu. Akaniagiza nigawe upya, nianze na wenye watu wengi. Wakubwa watajibana panapobaki. Kibarua ninacho bado. Anayekwenda Dar kujieleza ni mwingine.

Mkitaka kunicheka, niandikieni barua. Simu za hapa msiziamini mpaka nimalize.