Mgongo wa Makoye na Gramafoni ya Zahanati

Ignas, waliyemwita Gazeti kwa sababu habari haikuwahi kupoa tumboni mwake, alifika barazani kwa Jashvant mwenye duka akihema. Hata kahawa hakuagiza. Alisema zahanati ya mgodini imeletewa gramafoni, tena si ya dansi bali ya kutibu watu. Mgonjwa analazwa, anawekewa santuri, maumivu yanaondoka yenyewe. Bhoke, aliyekuwa hapati usingizi tangu mvua za vuli, kawekewa moja tu akalala mpaka wakamwamsha kwa ndoo ya maji.

"Na leo," akamalizia, "ni zamu ya migongo."

Wote wakamgeukia Makoye.

Masikini Makoye. Kijiweni aliitwa Bwana Mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa mzima kama wa punda. Wiki ya tano hii alikuwa na cheti cha kutoshuka shimoni, anashinda hapo akinywa kahawa ya Mwanaima na kuguna kila akiinama. Akitangazwa kupona, kesho alfajiri yuko chini ya ardhi na sururu.

"Uongo mtupu," alisema. "Ngoma ingekuwa inatibu mgongo, Usukumani kusingekuwa na mgonjwa."

Kalisti, Bwana Goti, mwenye fimbo na cheti chake mwenyewe, alimuunga mkono upesi. "Goti langu mimi halina masikio," alisema.

Gazeti alishangaa. Wawili hao hawakuwahi kukubaliana hata kwamba jua limechomoza. Makoye alikuwa Mgika, Kalisti Mgalu, na vyama hivyo viwili vya ngoma vimekuwa vikinyang'anyana watazamaji tangu enzi za babu zao. Leo woga uliwapatanisha.

Mara akatokea Herman, dresa wa zahanati, gramafoni imefungwa kwenye keria ya baiskeli. Alisema migongo imekataa kuifuata dawa, basi dawa imeifuata migongo. Akazungusha mpini. Mwanamke wa Kizungu akaanza kuimba kwa kilio kirefu, na Makoye akapiga miayo.

"Unasikiaje?" Herman aliuliza.

"Nasikia mama wa watu ana shida."

Ikaja santuri ya dansi. Mwanaima akatikisika na birika mkononi, Gazeti akatupa mabega. Makoye aliuma mdomo. Kidole gumba cha mguu kilicheza, lakini kilichezea ndani ya kiatu. Herman akafunga kifuniko, kashindwa kabisa.

Hapo Makoye angenyamaza tu, angekunywa kahawa hiyo mpaka mavuno. Lakini furaha ilimpanda kichwani.

"Dresa, tafuta ngoma za Wagika," alisema. "Za Wagalu usihangaike nazo, zile ni za kufukuzia ndege shambani."

 Kalisti aliweka fimbo chini polepole, akavuta debe tupu la mafuta ya taa mlangoni kwa Jashvant, akaanza kulipiga huku akiimba. Wimbo wa kwanza Makoye aliuvumilia. Wa pili ulimtaja baba yake, namna alivyokimbiwa na watazamaji wote akabaki anacheza na mbuzi.

Makoye hakumbuki aliinukaje. Alijikuta katikati ya barabara, amejipinda kinyumenyume mpaka nywele zinafagia vumbi, anatetemesha mabega na kumwimbia Kalisti habari za mama mkwe wake. Kalisti naye akamrushia Gazeti debe alipige, akanyakua jembe jipya dukani, akalitupa juu, akapiga magoti yote mawili na kulidaka kwa meno. Jashvant akamlilia jembe lake. Watu wakajaa.

Walipoishiwa pumzi, Herman alikuwa keshaandika vyeti viwili.

"Mmepona," alisema. "Kesho alfajiri, shimoni, wote wawili."

Makoye akapokea chake huku jasho linamchuruzika. Akakisoma mbele, akakigeuza nyuma, akamrudishia dresa.

"Hujamaliza," alisema. "Andika na aliyeshinda."