Mke wa Mpiga Upanga Hayumo

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimefika Hengdian, mji wa studio za filamu, kwa basi, kiuno hakina hali. Mji umejaa majumba ya kifalme ambayo ukiyagonga yanalia kama debe. Hapa ndipo wanaporekodi tamthilia ya kitabu changu, Upanga wa Daraja la Mvua. Sehemu arobaini. Nimeingoja siku hii miaka ishirini na sita.

Na wamemwondoa Xiuniang.

Xiuniang ni mke wa Mo Hanjiang, mpiga upanga wangu. Nilimuumba kutokana na mke wangu, Caiyun. Uso wake, mikono yake, mwendo wake. Caiyun alifariki miaka mitatu iliyopita. Kwenye mswada wao Mo Hanjiang ni kapera. Nilimpigia binti yangu Suhe kumweleza. Akasema nirudi Shaoxing, nitaugua kwa unyevu huu. Sirudi. Nina mpango.

Jumanne, 5 Novemba

Barua za wasomaji! Nimeandika kumi na saba kutwa nzima, kila moja kwa mwandiko wake. Muuguzi wa Chengdu, askari mstaafu, mjane wa Harbin. Wote wanamlilia Xiuniang. Barua ya mjane ilinitoa machozi mwenyewe. Nimeziacha mapokezi, ofisi ya tamthilia, zote katika mfuko mmoja. Labda ningetumia mifuko miwili.

Jumatano, 6 Novemba

Miao Ruolin alinikuta nikinywa uji. Ndiye mwandishi wa mswada. Ana miaka ishirini na tisa na koti linalofika kwenye vifundo vya miguu. Mfuko wangu wa barua ulikuwa mkononi mwake. Alizungumza kwa heshima, na hapo ndipo paliponichoma. Alisema inashangaza kwamba wasomaji kumi na saba, kutoka mikoa kumi na saba, wanakosea kuandika herufi ya Kichina ya “upanga” kwa namna ileile, kwa kuongeza nukta isiyohitajika. Akaongeza kuwa nukta hiyo imo pia katika barua zangu zote kwa ofisi yao.

Nikasema huenda wameniiga kwa mapenzi. Akanitakia siku njema.

Huyu binti hajui mapenzi ni nini. Nimeliona hilo usoni mwake.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango wa pili. Msimamizi wa waigizaji wa ziada alikuwa na upungufu wa watu, nikajipanga kwenye foleni. Wakanipa kofia ya mabua na mzigo wa tofu. Nia yangu: Mo Hanjiang akipita darajani, nimwambie kwa sauti, mkeo Xiuniang anakusubiri. Kamera ikishanasa, itabidi wamtafute huyo mke.

Mara ya kwanza nilinong'ona tu. Mara ya pili nilipaza vizuri sana. Tatizo ni kwamba mwigizaji alikuwa hewani, ananing'inia kwa nyaya. Aligeuka kunitazama. Nyaya zikajisokota, naye akagonga goti kwenye ukingo wa daraja. Nilisikia mlio wa goti lile.

Kazi ikasimama. Mwongozaji akauliza ni nani. Nililala haraka kati ya waigizaji waliolala kama maiti. Maji ya mvua ya bandia yakaniingia sikioni. Maiti wa jirani akaninong'oneza, “Mzee, sisi huwa hatutetemeki.”

Kijana wa watu hatasimama siku mbili. Nilipita mbele yake kuomba radhi. Aliniuliza kama nimeumia. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Novemba

Homa. Ruolin alikuja na maji ya tangawizi. Nikadhani amekuja kuomba msamaha. Akatoa kitabu changu, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Alikisoma mara sita akiwa shuleni, chini ya dawati.

“Mwalimu Gu,” akasema, “Xiuniang anasema maneno mangapi humu?”

Mengi, nikamjibu.

“Hata moja. Anamimina chai, halafu anachomwa upanga. Nilipokuwa msichana kila mara nilingoja aseme kitu. Nilimwondoa kwa sababu nilimwonea huruma.”

Akasema amezungumza na mwongozaji. Nimepewa tukio moja, dakika tatu, sehemu ya thelathini na moja. Niliandike mwenyewe. Sharti ni moja tu, Xiuniang aongee.

“Mke wako alikuwa akisema nini?” akauliza.

Nilifungua mdomo. Nikaishia kunywa maji ya tangawizi.

Jumamosi, 9 Novemba

Miaka thelathini na minne ya ndoa. Nimekaa mezani tangu asubuhi, sikumbuki hata sentensi moja.

Nikampigia Suhe, nikamuuliza mama yake alikuwa akisema nini.

“Mama alikuwa anaongea kutwa, Baba. Wewe ndiye uliyekuwa unamwambia akae kimya, unaandika.”

Kisha akanisimulia. Kwamba aliimba opera akimenya machipukizi ya mwanzi. Kwamba nikikasirika aliniita Bwana Mhariri, mlango ukishafungwa. Kwamba wiki ya mwisho hospitalini aliuliza kama mke yule wa kitabuni hawezi kutoroka badala ya kufa. Aliniuliza mimi, anasema Suhe. Nilikuwa pale pale kando ya kitanda chake, nasahihisha kurasa za toleo jipya.

Niliandika yote. Karatasi mbili. Kisha nikakaa nikisikiliza mvua. Chai ikapoa, sikuigusa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemaliza! Sijawahi kuandika kitu kizuri kama hiki.

Zile karatasi mbili zilisaidia, ingawa lugha ya Caiyun ni ya sokoni na machipukizi ya mwanzi yanavunja mdundo. Nimeziweka kando. Katika tukio langu Xiuniang anamimina chai. Mo Hanjiang anaongea dakika tatu nzima, anajuta kwamba hakuwahi kumsikiliza. Majuto ya kupasua jiwe. Mwishoni Xiuniang anafumbua midomo ili aseme, naye Mo Hanjiang anaiziba kwa kidole, taratibu, maana kati ya wapendanao maneno ni ziada. Xiuniang anatabasamu.

Ruolin alilisoma akiwa amesimama, mara mbili. Akauliza kama kuna ukurasa uliobaki. Nikamwambia hakuna, limekamilika. Akatazama dirishani, hakusema tena.

Nikampigia Suhe nikamsomea. Naye kimya. Kisha akasema amechelewa kazini.

Wanawake wawili wamekosa la kusema kwa ukurasa mmoja. Bado kalamu yangu ina nguvu. Nafikiria kuandika kitabu kizima juu ya Caiyun.