Kiwanda Kilichofuta Ugonjwa

Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, ugonjwa ulifutwa rasmi katika kiwanda cha minofu ya sangara cha Nyota ya Ziwa, jijini Mwanza. Tangazo lilibandikwa getini likiwa na mihuri miwili. Lilisema kwamba menejimenti, kwa kutambua kuwa mfanyakazi mwenye afya ndiye mtaji, imeamua kila mfanyakazi awe na afya.

Mwandishi wa tangazo hilo alikuwa Nestory Kashindye, Katibu wa Kamati ya Uzima. Alilisoma mara tatu asione kasoro. Viwanda vingine, aliwaza, vinahangaika na daktari, dawa na glovu mpya. Nyota ya Ziwa imegundua njia fupi. Akapiga magoti ofisini, akamshukuru Mungu kwa kumjalia kipaji cha kutunga kanuni.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila Jumatatu watu walipanga foleni, kila mmoja akapewa Cheti cha Uzima na kutia sahihi kwamba yu mzima kwa wiki nzima inayokuja. Mwenye cheti akiugua, maana yake amesema uongo, na mwongo hana kazi Nyota ya Ziwa. Kikohozi cha chumba cha barafu kikaitwa kusafisha koo. Miguu iliyovimba kwa kusimama kutwa ikaitwa kunawiri. Miezi sita ikapita, daftari la majeruhi likiwa jeupe kama kanzu ya Idi.

Hapo ndipo Sabina, mama wa makamo kutoka Nansio, aliyekata minofu kwa wepesi kuliko wote, alipojikata kidole gumba. Glovu yake ilikuwa imetoboka tangu Pasaka. Siku ya tatu akapanda ofisini kwa Nestory, mkono kaupakata kama kichanga.

"Kaka Nestory, naomba nusu siku niende hospitali. Hiki kidole kinadunda mpaka kwapani."

Nestory akafungua faili. "Mama Sabina, Jumatatu ulitia sahihi."

"Nilitia kwa kidole hikihiki, kilipokuwa kizima."

"Basi kwa mujibu wa kumbukumbu, bado ni kizima."

"Na kikikatwa, kumbukumbu ndizo zitakazonifulia?"

Nestory akamweleza kwa upole kwamba Kamati itakaa Desemba, na ombi lake litakuwa la kwanza. Akaahidi pia kumwombea. Akamwombea kweli, kwa jina, na kumtajia Mungu kidole chenyewe kuwa ni cha mkono wa kushoto, pasitokee mkanganyiko.

Kesho yake akafika Bi Fadhila, mkaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo. Mkurugenzi, Mzee Mihayo Masele, akamwekea daftari la majeruhi mezani kama anayeandaa pilau. Bi Fadhila akafunua kurasa, akauliza wanaoshika visu ni wangapi. Akaambiwa mia na hamsini.

"Na kwa miezi sita hakuna aliyejikata?"

"Hata mkwaruzo," Mkurugenzi akasema kwa fahari.

Bi Fadhila akaonyesha kidole chake chenye plasta. "Mimi nilipasua sato mmoja Jumapili. Hapa hapapasuliwi samaki, Mzee. Mnanunua minofu kwingine na kubandika jina lenu." Akasimamisha oda ya mwaka mzima, isipokuwa kama atathibitishiwa vinginevyo kabla ya saa kumi.

Kamati ikakaa papo hapo, koridoni, kwa kusimama. Ikaazimia kurudisha ugonjwa kwa muda. Nestory akakimbilia ukumbi wa visu kuuliza nani anaumwa. Watu wakachomoa vyeti kwenye aproni. Rose, ambaye kifua chake kilisikika mpaka getini, akakimeza kikohozi hadi machozi yakamlenga.

Ikabidi Mkurugenzi ashuke mwenyewe, viatu vyake vikinywa maji ya samaki. Akasimama mbele ya Sabina. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa kwa umri ni yeye aliyestahili kuamkiwa.

"Marahaba."

"Nasikia una kidole."

"Ninavyo kumi, Mzee."

"Hakuna kinachouma?"

"Muulize Nestory. Yeye ndiye mwenye kumbukumbu."

Nestory akakitazama kidole kwa mara ya kwanza bila faili. Kilikuwa cheusi pembeni. "Kinauma," akasema.

"Kitaonekana hospitalini," Sabina akasema. "Mkaguzi atanikuta huko. Na Rose nimpeleke, na wenye miguu yao."

Gari la Mkurugenzi likaanza safari. Dereva aliporudi mara ya kwanza alisema kidole kimenusurika kukatwa kwa tofauti ya siku moja. Bi Fadhila naye akaridhika kuwa samaki wanapasuliwa, kisha akaagiza minofu yote ya siku tatu itupwe, maana mkono wenye usaha uliipitia.

Walibaki sangara wapya mezani, barafu ikiyeyuka, na ukumbi mtupu, kila mmoja kaenda getini na maumivu yake kusubiri gari. Mkurugenzi akavua koti, akavaa glovu iliyokuwepo, akashika kisu. Hata samaki wa pili hakumfikia. Akauinua mkono unaochuruzika damu, akamwamuru Nestory aite gari.

Nestory akamjibu kwa heshima zote kwamba gari limeondoka na wagonjwa, na kwamba getini wanalisubiri mia na kumi na saba. Akamletea kreti ya kukalia, mwisho wa foleni.