Ukikisifia, Unapewa

Jumatatu, 25 Agosti

Leo nimeacha rasmi kulima magimbi. Mimi ni mwandishi! Laisani, mke wangu, ameniazima kompyuta yake ya masomo maadamu shule anayofundisha imefungwa. Kaniapisha: Jumatatu ijayo ana mtihani wa diploma ya ualimu, na anaufanyia humo humo kwenye mashine. Siku hiyo aikute mezani, nzima, bila tone la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi. Nimeapa. Nani atashindwa kutunza kompyuta wiki moja?

Kuna tovuti ya Sydney inanunua makala za wasafiri. Nimewapelekea “Siri ya Kuamka Mapema”. Niliiandika kitandani, mchana. Wameikataa, eti haina ladha ya kwetu. Wivu tu.

Vilikesa kapita na jembe begani. Huyu ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, mtani wangu tangu tumboni. Kauliza hizo makala zinachemshwa au zinachomwa, maana kwake wanakula magimbi. Sisi waandishi hatujibizani na majembe.

Jumanne, 26 Agosti

Ladha ya kwetu wanaitaka? Wataipata! Nimeandika “Ukifika Kijijini Fiji”. Vua kofia. Mletee chifu mzizi wa kava. Na ukisifia kitu cha mtu, mwenyewe lazima akupe, ndivyo tulivyolelewa. Ndiyo maana sisi wenyewe tukiingia nyumba ya mtu tunaangalia mkeka mzuri na kufumba mdomo.

Hilo la kufumba mdomo nimelifuta. Mhariri anasema wasomaji hawapendi masharti, wanapenda furaha. Basi nikamalizia: sifieni bila woga! Na mkipewa msikatae, kukataa ni tusi.

Laisani kasoma akichungulia begani kwangu. Kauliza kama nina uhakika. Nikamwuliza mwandishi ni nani humu ndani.

Alhamisi, 28 Agosti

Wameinunua! Inasomwa vibaya sana, yaani kwa wingi. Malipo yako njiani. Mhariri kaniita sauti halisi ya visiwa. Nimemsomea Vilikesa maneno hayo mara mbili. Kasema sauti yangu anaijua, kila mchana inakoroma mpaka kwake.

Ijumaa, 29 Agosti

Wageni! Basi zima kutoka hoteli ya ufukweni, na makala yangu wameishika mkononi. Kofia wamevua. Kava wamebeba. Nilivimba kifua mpaka kifungo kikakatika.

Kisha Bi Glenys, mama mmoja wa Perth mwenye sauti ya kanisani, akausifia mkeka wa jirani yetu, Mama Torika. Mama Torika akameza mate, akaukunja, akampa. Akasifia jogoo. Akapewa jogoo. Akasifia redio ya Vilikesa. Vilikesa akamkabidhi kwa mikono miwili huku ananitazama mimi. Wenzake nao wakaanza kusifia. Sufuria zikaingia chini ya vitanda. Mtu mmoja akasema mjukuu wa Mama Torika ni mzuri, bibi akambeba mtoto akakimbilia migombani. Tahadhari.

Hatimaye wakaketi kwa chifu. Pale katikati lilikuwa bakuli la kava alilolichonga babu yake, lile la kijiji kizima. Bi Glenys akaliinamia. Akaweka mkono kifuani. Akafungua mdomo. Chifu akafumba macho. Watu wote wakanigeukia.

Niliruka! Nilisahau hata kuinama mbele ya chifu. Nikatoka mbio, nikarudi na kompyuta, nikapiga kelele: “Mama, tazama! Makala niliiandika kwa hii hapa!”

Nilidhani atasifia makala. Akasifia kompyuta.

Nikampa, ningefanyaje? Nikamnong’oneza kwamba si lazima aichukue. Akacheka, akanitikisia kidole: amesoma, kukataa ni tusi.

Jumamosi, 30 Agosti

Laisani hakufoka. Heri angefoka. Kakaa ukingoni mwa kitanda, kauliza mtihani ataufanyia kwenye gimbi? Halafu kalia. Nami nililia kidogo, nyuma ya jiko. Naumia sana nikimwona vile.

Chifu kaniita. Kashukuru kwa bakuli. Kisha kaamuru malipo yangu yote yakanunue mikeka na jogoo. Nimeandika makala moja, nimelisha kijiji kizima! Waandishi wangapi wanaweza kusema hivyo?

Ninao mpango. Nimekwenda hotelini kumwambia Bi Glenys kwamba kompyuta ile ina mzimu. Hucheka yenyewe, nikamwambia, tena ikichajiwa. Bi Glenys akapiga makofi kwa furaha. Kumbe mizimu anaipenda! Sasa haiachii hata akienda kula. Nimekalia kuti kavu, lakini nimekaa vizuri. Bado kesho.

Jumapili, 31 Agosti

Baada ya ibada Vilikesa katoweka. Karudi jioni na kompyuta kwapani!

Eti alimpelekea Bi Glenys ndizi, wakaongea habari za wajukuu, kisha akamwambia, “Mama, kompyuta yako ni nzuri.” Basi. Mama wa watu akakumbuka makala, akafurahi kuliko siku aliyopewa, akamkabidhi kwa mikono miwili kama sisi. Ningefikiria mwenyewe, sema nilikuwa nashughulika na mzimu.

Vilikesa akaketi mbele ya mlango wangu. Akaifungua. Akabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, akiguna kama mimi ninavyoguna nikiandika. Nikafungua mdomo nisifie. Laisani akanikanyaga mguu, akawahi: “Shemeji, kompyuta yako nzuri jamani!”

Kumbe Vilikesa alikuwa anangoja hilo tu. Kampa hapo hapo. Laisani akacheka na kulia kwa pamoja. Vilikesa akanigeukia, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila wewe bwana ulitaka kuingia na mkeo. Nikamwambia bila makala yangu ndizi zake zisingefaa kitu. Ukweli lazima usemwe.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimemsindikiza Laisani shuleni. Kompyuta kaibeba mwenyewe, kaifunga kwa kanga, mimi nikapewa mwavuli. Katoka kwenye mtihani anatabasamu. Anasema maswali yalikuwa mepesi. Nilijua! Kisha kaniambia mashine hiyo sitaigusa tena mpaka nizikwe, na mlangoni nimekuta jembe, limenolewa. Mkono wa Vilikesa huo.

Mhariri kaandika kwenye simu ya Laisani. Anataka makala nyingine, upesi. Sauti halisi ya visiwa haiwezi kunyamaza kwa kukosa kifaa.

Nikimngoja Laisani nilichungulia ofisi ya mwalimu mkuu. Ana kompyuta mpya, kioo kipana, imekaa tu. Naye ni mtu wa hapa hapa, kalelewa vizuri, mwenye adabu zake. Kesho asubuhi nitapita kumsalimia. Sina nia mbaya. Ila mimi nikiona kitu kizuri, si mtu wa kunyima sifa.