Kuhusu Jina Langu Kwenye Zamu ya Keki

Kwa Ndugu Hedvig,
Mkuu wa Maabara ya Virusi, Uppsala.

Habari za kazi. Mimi ni Ture, yule anayeosha chupa zenu. Kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana naandika. Ijumaa hii, zamu ya kuleta keki ya kula na kahawa, mmeandika jina langu. Naomba lifutwe. Sababu ninazo, na zote nimezisikia kwenu.

1. Wiki jana ulisema, kikombe mkononi, kwamba kirusi hakihesabiwi miongoni mwa walio hai kwa sababu hakina jiko lake. Mpaka kiingie kwenye seli ya wenyewe, kipikie humo. Mimi nimepanga chumba kisicho na jiko. Basi na mimi sihesabiki. Asiye hai haoki keki.

2. Torkel alidai virusi vilikuwa seli kamili zamani, vikazoea kula kwa watu mpaka vikatupa vyombo vyao vyote. Gunvor akamrukia: "Wewe Torkel, acha uzushi! Ni vipande vya seli vilivyotoroka nyumbani na karatasi moja ya mapishi." Ylva, yule mwanafunzi, akasema vilikuwepo kabla ya nyumba yoyote. Torkel akamuuliza: "Vilikuwa vinapika wapi, mdogo wangu? Mvuani?" Mkabishana hadi kahawa ikapoa. Sasa Ndugu, kama nyinyi wenye shahada hamjui asiye na jiko katokea wapi, mbona mmejua upesi hivyo jina lake liandikwe wapi?

3. Mnasema nilete ya dukani. Torkel alileta ya dukani mwaka juzi, na mpaka leo mnamwita Torkel wa Dukani. Yeye ana shahada ya kumfariji. Mimi nina sinki.

4. Mlisema pia kondo linalomlisha mtoto tumboni lina kitu tulichoachiwa na kirusi cha kale. Kumbe wasio na jiko walishaleta mchango wao, tena mkubwa kuliko keki. Zamu yetu tumeimaliza mamilioni ya miaka iliyopita.

Nisalimie wote, na Torkel pia.

Wako mtiifu, pale kwenye maji ya moto,
Ture Lindkvist

Nyongeza: Gunvor ameiona barua hii kabla yako, akanikokota mpaka kwake. Jiko lake, mayai yake, mapishi yake. Nilikusudia keki moja, zimetoka nne. Ziko mezani, bado za moto. Jina msilifute.