Jaketi Lililovimba Uani kwa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika. Tena ukweni, mchana kweupe.

Mimi natibu mifugo vijiji vya Old Moshi (ng'ombe wananiheshimu, watu ndio bado), na kazi yote naifanya kwa pikipiki. Masika haya niliteleza kwenye tope nikachunika kiwiko. Mama mkwe alipokiona, akamwambia mume wangu, Eliapenda, kwamba mkewe aiache hiyo pikipiki kabla hajaletwa nyumbani kwenye machela. Eliapenda akanibembeleza: angalau ninunue jaketi la maana, lenye kinga.

Asubuhi nikashuka mjini, kwenye mitumba. Muuzaji akanipa jeusi, la kawaida, lina pedi mabegani na kwenye viwiko. Lilinikaa vizuri kabisa. Lakini jicho langu lilikuwa limeshahama. Pale juu lilining'inia jingine, nene, lenye mistari inayong'aa, kola imesimama, na kiunoni lina kamba yenye ndoano.

"Hii kamba ya nini?"

"Dada, hiyo unafunga kwenye pikipiki. Jaketi haliibiwi."

Nikaamini. (Na cheti cha chuo ninacho.)

Nikalivaa palepale, zipu mpaka kidevuni, ndoano nikaitia kwenye chuma chini ya kiti. Nikapandisha moja kwa moja kwa mama mkwe. Nilitaka anione, maneno ya kuacha pikipiki yaishe leo.

Nikamkuta uani anakamua. Mashoga zake wawili wa kwaya wamekaa pembeni wanamenya ndizi.

"Shikamoo mama. Shikamooni."

"Marahaba. Ndilo jaketi lenyewe hilo? Hebu sogea tulione."

Nikashuka kwa madaha. Hatua mbili tu, kitu kikanishika kiuno. Ile kamba. Badala ya kurudi kuifungua kama mtu mwenye akili, nikavuta. Ikagoma. Wale mama wananitazama. Nikajitupa mbele kwa nguvu zangu zote.

Paa!

Jaketi likavimba. Mgongo ukajaa, kifua kikajaa, kola ikanikaba shingo, mikono ikasimama pembeni kama ya sanamu la kufukuza ndege shambani. Ng'ombe akapiga teke ndoo ya maziwa, akakata kamba, akatokomea migombani. Mama mmoja akalala chini pamoja na ndizi zake.

"Amepigwa risasi!"

"Sijapigwa," nikasema, ila sauti ilitoka kama ya bata.

Mama mkwe akanikaribia polepole. Akanizunguka. Kisha akanibonyeza tumbo kwa kidole, kama anayeangalia ndizi zilizovundikwa.

"Humu umeweka nini?"

"Upepo, mama."

"Umeutoa wapi?"

"Mjini."

Hapo ndipo alipoangua kicheko. Tangu niolewe sijawahi kumwona mama huyu akicheka na mimi. Leo alicheka mpaka akakaa chini, kwenye maziwa yaliyomwagika, akaendelea kucheka. Mimi nimesimama tu, zipu haifunguki, nasubiri upepo utoke.

Liliponywea nikampigia Eliapenda. Akaangalia mtandaoni. Kumbe jaketi limetengenezwa hivyo: ukirushwa kutoka kwenye pikipiki, kamba inavutika, gesi inalijaza, shingo na mgongo vinasalimika.

Mama mkwe akafuta machozi. "Yaani ungeanguka kweli, lingefanya hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa limeisha?"

"Mpaka nipate kimtungi kingine cha gesi."

"Kitafute. Halafu uendelee na pikipiki yako."

Sikuamini masikio yangu. Tukaongozana kumtafuta ng'ombe, tukamkuta kwa jirani anakula kabichi kwa utulivu. Njiani mama mkwe alinishika mkono. Alisimama pia kwenye kila ua kusimulia, na kila aliposimulia nilizidi kuvimba.

Kesho nina ng'ombe wa kutibu kijiji hichohicho. Ninawaomba, mkinikuta nisalimieni kwa uso wa kawaida. Mkishindwa, basi ng'ombe wasalimieni wao kwanza, mimi nitapita.