Mashine ya Mbio Yahamia Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Ukumbi wetu wa michezo ya video umefungwa rasmi leo. Wenzangu walinuna. Mimi nilijitia huzuni kwa heshima, kisha nikamfuata Meneja ofisini kwake kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamkumbusha kwamba nimekuwa fundi wa mashine zake miaka kumi na tisa bila kukosa siku. (Mara moja nilikosa. Hakumbuki.) Nikaomba kitu kimoja tu: mashine namba saba, ile ya mbio za magari, iliyong'oka usukani. Akasema nichukue, nitakuwa nimemwondolea mzigo.

Ganda lake lisingepita mlangoni kwetu. Nimechukua utumbo peke yake, sanduku la chuma lenye ukubwa wa begi la safari.

Siri ni hii. Watu hudhani ndani ya mashine zile mna miujiza. Wapi! Mna kompyuta ya kawaida kabisa: bodi, diski, feni, kadi ya picha. Imevalishwa tu ganda lenye taa na usukani. Anayeijua siri hii anaweza kuigeuza kompyuta ya nyumbani ya kuchezea mchezo wowote autakao. Mtu huyo ni mimi.

Sababu yenyewe niiandike wazi, maana shajara haina mdomo. Kitindamimba wangu amemaliza shule, na tarehe 29 anaondoka kwenda chuoni. Safari ya siku nzima. Zimebaki siku ishirini na sita, na anazimalizia wapi? Kwa mjomba wake! Shemeji yangu, afisa wa bima, amenunua kompyuta ya michezo yenye feni zinazowaka rangi saba. Kitindamimba anakwenda huko akishamaliza chakula cha mchana, anarudi jioni ameshacheka vicheko vyake vyote. Mimi naambulia shikamoo na mgongo.

Mpango: mashine iwe tayari Jumamosi. Mtoto arudi nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Sanduku liko juu ya meza ya sebuleni. Mke wangu aliuliza litakaa hapo mpaka lini. Nikasema siku mbili. Akasema hata ile redio ya mwaka juzi ilikuwa ya siku mbili. Nikainamia skrubu. Mtu mzima hajibu kila kitu.

Kikwazo cha kwanza: mashine inadai nywila kabla ya kukubali programu mpya. Nywila ya kiwandani! Nikajaribu jina la mchezo. Nikajaribu mwaka. Nikaandika saba mara saba. Ikakataa katakata. Baadaye nikakumbuka ujanja wa mafundi: chomoa kale kabetri ka duara kwenye bodi, subiri, kisha ukarudishe. Bodi husahau kila ilichoambiwa. Nilisubiri dakika kumi nikiikodolea macho saa ya ukutani. Ikasahau! Nilipiga ukelele hadi mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Kitindamimba hakusikia. Alikuwa kwa mjomba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefuta mchezo wa zamani na kuweka programu za kompyuta ya kawaida na michezo mipya. Inawaka! Ila feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga. Ukumbini hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu mashine arobaini zilikuwa zikipiga kelele kwa pamoja. Hapa nyumbani ni yenyewe na taarifa ya habari. Mke wangu sasa anasikiliza habari akiwa amekaa uani, dirisha likiwa wazi.

Nilikwenda duka la vifaa vya umeme kununua waya wa skrini. Nani yuko pale? Shemeji. Akauliza waya ni wa nini. Ningeweza kusema ni wa televisheni. Mdomo wangu huu! Nikamwambia ninaunda kompyuta itakayoifanya ile ya kwake ionekane kama kikokotoo cha mwanafunzi. Alicheka mpaka akavua miwani aifute. Akasema Jumamosi saa nne atakuja na mpwa wake waone wenyewe. Nikasema karibuni sana. Nilitembea mpaka nyumbani jasho jembamba likinitoka.

Jumamosi, 8 Machi

Fedheha! Fedheha tupu!

Walifika saa nne kamili. Watu wa bima hawachelewi. Nikawasha. Skrini ikawaka vizuri. Kitindamimba akachagua mchezo wa magari, gari jekundu. Akatabasamu. Shemeji akaitikia kwa kichwa, shingo upande. Nilikuwa nimeshaanza kuvimba kichwa.

Mzunguko wa tatu, skrini ikawa giza. Mashine ikajizima na kujiwasha upya. Nikasema inapasha mwili moto. Wakaanza tena. Giza tena! Shemeji akaanza kuitazama saa yake ya mkononi. Dakika nane, akatangaza. Kila baada ya dakika nane. Mara ya nne alihesabu kwa sauti kutoka kumi kurudi nyuma, na alipofika sifuri ikazimika. Akasema hii ni kompyuta nzuri ya kuwekea wageni unaotaka waondoke mapema. Hata mke wangu alicheka. Damu ya ndugu!

Lakini jambo moja silielewi. Shemeji alipoaga, Kitindamimba hakuondoka naye. Alibaki amesimama mbele ya sanduku, mikono kiunoni. Akaniuliza kwa nini dakika nane hasa, si saba wala tisa. Nikasema ni joto. Akasema joto halivai saa. Akamwambia mjomba wake atangulie, yeye atakuja baadaye.

Hakwenda.

Jumapili, 9 Machi

Tumeifungua. Yeye alishika tochi, mimi nikamweleza kila kipande kilifanya kazi gani ukumbini. Alikuwa hajawahi kuniuliza juu ya kazi yangu. Kumi na tisa ni umri wa kazi hiyo, na yeye ana kumi na minane.

Ni yeye aliyeona. Maandishi madogo kwenye bodi, pembeni pini mbili zilizovalishwa kofia ya plastiki. Akasoma kwa sauti, na mimi nikajipiga paji la uso. Mlinzi! Bodi hizi zina mlinzi. Mchezo unapoendelea humtumia ishara kila mara kumjulisha kuwa u hai. Akikaa dakika nane bila kusikia kitu, anaamua mchezo umekwama, anaiwasha mashine upya, ili mteja asije akakuta skrini imeganda. Nimelijua hilo miaka yote. Ila mchezo ule wa ukumbini nimeufuta mwenyewe Alhamisi! Mlinzi wa watu alikuwa anasubiri salamu kutoka kwa marehemu.

Akachomoa kwa kucha ile kofia inayomweka mlinzi kazini. Tukakaa tukiitazama saa. Dakika nane zikapita. Tisa. Kumi. Tukapongezana kwa kupigana viganja mpaka changu kikawasha.

Tangu saa hiyo nimekuwa nikimwaza yule mlinzi. Si mkorofi. Hataki mengi, anataka kusikia kwamba mwenzake yupo. Asiposikia anaingiwa na hofu, na mwenye hofu hufanya vituko. Nimemweleza mke wangu. Akaniuliza kama ninazungumzia bodi.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike haraka kabla sijapata visingizio.

Kitindamimba alicheza saa nzima bila mashine kuzimika. Saa kumi na moja jioni nikasema tufunge kazi. Akasema nisubiri kidogo, kompyuta inajisasisha, imeandikwa kwenye skrini kwamba isizimwe. Nilimsikia. Naapa nilimsikia. Lakini miguu ilishanipeleka ukutani, mkono ukashika swichi kuu, pap!

Ukumbini tulifunga hivyo. Swichi moja, mashine arobaini kimya, funguo mfukoni, nyumbani. Mashine zile zimetengenezwa kwa kuvumilia. Diski zake zimefungwa zisiandikwe kitu, na kila asubuhi zinaamka kama zilivyozaliwa. Hii yetu nilikuwa nimeshaifanya kompyuta ya watu. Kompyuta ya watu huagwa kwanza.

Nilizima nyumba nzima. Jokofu, taa, pasi ya mke wangu ikiwa juu ya kola. Umeme uliporudi, mashine haikuamka. Skrini ya bluu, maandishi meupe, basi. Kazi yote imekwenda na maji.

Nilijua sasa mtoto atachukua viatu vyake aende kwa mjomba. Alishika kichwa. Akakaa sakafuni. Halafu akaanza kucheka, na alicheka kiasi cha kushindwa kusimama. Akasema, baba, tunaanza upya kesho saa tatu, na wewe hutakaribia ukuta.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya tatu ya kuanza upya. Kwa mjomba hajakwenda hata mara moja. Shemeji alipiga simu kuuliza kama mpwa wake anaumwa. Nikamjibu kwa upole kwamba ana kazi. Upole huo niliufurahia sana.

Tumeifuta diski, tumeweka kila kitu upya, tumesafisha feni kwa brashi ya viatu. Inanguruma kidogo tu sasa, na mke wangu amerudi ndani na taarifa zake za habari. Kitindamimba anaamuru, mimi ninashika. Sikujua kama ninaweza kuamriwa nikafurahi.

Leo, skrubu mbili zikiwa mdomoni, aliniambia anaogopa. Hakunitazama. Alikuwa anahangaika na waya wa diski. Akasema huko chuoni watalala wanne chumba kimoja, hamjui hata mmoja wao, na wakati mwingine anatamani barua ya kuitwa isingekuja. Mbona sikujua? Nilidhani ana haraka ya kuondoka. Nadhani mtu husema vizuri zaidi macho yakiwa na shughuli.

Nilitaka kumjibu jambo kubwa la kibaba. Nikamwambia awahi kufika achague kitanda cha chini. Akasema sawa baba, kama vile nimemwambia jambo kubwa.

Ijumaa, 14 Machi

Imekamilika! Imecheza saa tatu bila kukohoa. Picha safi, sauti safi. Shemeji amepita, amejaribu, amekosa la kukosoa. Alinipa mkono. Akasema, kwa kazi hii, shemeji, nimevua kofia. Miaka yote ya ushemeji nimeisubiri siku hii!

Sijui kwa nini sijaifurahia zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Kitindamimba ameenda kwa mjomba.

Nilimuuliza mlangoni, kwa utani, kama mashine yetu ina kasoro gani. Akasema haina kasoro yoyote, baba, imeshapona. Akafunga kamba za viatu, akaondoka. Imeshapona! Kama ni mgonjwa, na sisi tulikuwa wauguzi tu.

Nimecheza peke yangu. Gari jekundu. Nimekuwa wa tano kati ya sita, na wa sita ni yule niliyemgonga. Kisha nikakaa nikiitazama inavyofanya kazi vizuri. Sijawahi kukichukia kitu kizima namna ile.

Mke wangu alikuja akakaa kwenye mkono wa kiti. Akasema mbona sielewi. Mtoto hakufuata mashine, alifuata kufanya kitu na mimi. Nimwambie tu kwamba ninaona upweke kabla hata hajaondoka, kwamba ningependa ashinde nami siku hizi zilizobaki. Sentensi moja. Atakaa. Nikasema ana haki. Kweli ana haki kabisa, na hili nimelielewa mpaka moyoni. Kesho asubuhi nitamwambia.

Jumapili, 16 Machi

Nilikuwa nimeipanga sentensi. Nilijizoeza bafuni, maji yakiwa wazi. Wakati wa chai aliketi mbele yangu, nikakohoa, nikafungua mdomo. Akaomba sukari. Nikasema, sukari hii hapa. Akashukuru. Saa nne akaondoka.

Nilikaa kama robo saa nikijilaumu. Halafu nikapata wazo bora zaidi!

Nilifungua sanduku, nikachomoa RAM, kile kipande chembamba kama rula ambacho kikikosekana kompyuta haiamki, inabaki kulia piii. Nikakitia mfuko wa shati. Nikafunga skrubu zote vizuri, nikampigia simu. Nikasema imegoma tena, inalia tu. Akauliza inalia mara ngapi. Nikasema mara tatu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Akauliza ni milio mirefu au mifupi. Mirefu, nikasema, mirefu sana.

Alifika baada ya dakika kumi na mbili, anahema. Sikumwambia akimbie. Akafungua kifuniko, akainama. Akaitazama nafasi iliyo wazi. Akanitazama mimi. Akautazama mfuko wa shati langu, ambao kwa bahati mbaya ni wa kitambaa chepesi.

Nikasema katika miaka kumi na tisa sijawahi kuona hitilafu kama hii.

Kisha akavuta kiti, akaketi, akasema hata yeye hajawahi kuiona, na inaonekana ni kazi ya kutwa nzima. Huko jikoni mke wangu alipaliwa na chai.

Zimebaki siku kumi na tatu. Sanduku hili lina skrubu arobaini na moja, nimezihesabu. Kesho itaharibika feni.